Hebu Tupigie Kitu: Kweli na Uongo Kuhusu Piano ya Safarini

Mmefika jioni, mmeoga, mmekula, vikombe vya chai bado viko mezani, na kwenye kona ya sebule ya nyumba ya wageni imesimama piano. Katika kundi la marafiki yupo mmoja anayejulikana kwamba alisomea muziki. Haichukui muda kabla hajaambiwa: "Hebu tupigie kitu." Hapo visingizio huanza kutiririka. Hajajiandaa. Hana nota. Piano yenyewe imechuja. Na zaidi ya yote, muziki wa klasiki si wa mahali kama hapa.

Nimevisikia visingizio hivyo kwa wanafunzi, kwa wapiga vinanda wa kanisani, hata kwa watu waliofaulu mitihani ya juu kabisa ya piano. Vingi vimejengwa juu ya madai yasiyo ya kweli, na kwa ajili yake marafiki hunyimwa muziki ambao sehemu kubwa yake iliandikwa kwa ajili ya jioni za namna hiyohiyo. Tuyapime madai hayo.

Dai: Anayepiga papo hapo anapiga bila kujiandaa

Si kweli, na ushahidi mzito ni safari moja ya mwaka 1747. Mwezi Mei mwaka huo Johann Sebastian Bach, akiwa na umri wa miaka 62, alitoka Leipzig akaenda Potsdam kwenye kasri la Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia, ambako mwanawe, Carl Philipp Emanuel, alikuwa mpiga kinanda wa mfalme. Simulizi iliyoachwa na Forkel, aliyeandika maisha ya Bach, inasema mzee hakupewa hata nafasi ya kubadili nguo za safari. Aliongozwa chumba kwa chumba ajaribu piano zilizoundwa na Gottfried Silbermann, chombo ambacho wakati ule kilikuwa bado kigeni kwa watu wengi. Kisha mfalme akampa tuni aijengee fuga, yaani muziki ambao sauti moja hutangulia na tuni, ya pili ikaidaka, ya tatu ikaidaka tena, zote zikaendelea kwa pamoja bila kugongana. Bach akaijenga palepale.

Wasimuliaji wengi huishia hapo na kusema: kipaji. Mimi naona faida iko katika kilichofuata. Mfalme alitaka pia kusikia fuga ya sauti sita. Bach aliipiga, lakini hakutumia tuni ya mfalme. Alichagua tuni yake mwenyewe, ambayo alijua inabeba sauti sita. Ile ya mfalme aliishughulikia baadaye akiwa nyumbani Leipzig, kwa kalamu na utulivu, akaichapisha mwaka uleule katika mkusanyo wa vipande alioutoa kwa heshima ya mfalme huyo. Kama Bach mwenyewe, mbele ya mfalme, alijua kutenganisha kile ambacho mikono yake ingekimudu saa ileile na kile kinachohitaji muda, hakuna sababu ya mwalimu wa muziki aliye likizoni kuona haya kufanya hivyo.

Kwa hiyo mpigaji wa safarini anahitaji akiba. Vipande vitatu vinatosha, vifupi, vya hali tofauti, ambavyo haviachwi kulala. Namna ya kuvitunza si kuvirudia mara ishirini siku moja. Ni kuviendea bila onyo: unaingia ndani kutoka sokoni, unaweka kikapu chini, unaketi na kupiga kimoja mwanzo hadi mwisho mara moja tu, kisha unaondoka. Huko ndiko kujiandaa kwa jambo la ghafla, kwa kuwa jambo la ghafla halikupi nafasi ya pili.

Dai: Piano mbovu ni sababu ya kutosha ya kukataa

Inategemea ubovu wenyewe. Piano ya kawaida ina vibonyezo 88 na nyuzi zipatazo 230, kwa sababu noti nyingi za katikati na za juu zina nyuzi tatu kila moja. Nyuzi hizo zikijumlishwa huvuta kwa nguvu ya takribani tani 18 hadi 20. Nyuma yake kuna ubao wa sauti, mbao nyembamba ya mti wa jamii ya msonobari, na ubao huo hunywa unyevu wa hewa. Mombasa, Tanga au Unguja, masika yakiingia ubao huvimba, ukazisukuma nyuzi, na sauti ikapanda, hasa katika oktava za katikati. Ubao ukikauka, sauti hushuka. Haipandi wala haishuki kwa usawa, na zile nyuzi tatu za noti moja zikiachana hata kidogo, noti hiyo huanza kuyumba masikioni. Hewa ya chumvi nayo huleta kutu kwenye nyuzi, na wadudu hula sufu inayofunika nyundo. Piano ya pwani isiyotembelewa na fundi mara kwa mara haiwezi kubaki na sauti yake, hata ingekuwa ya mtengenezaji gani.

Lakini si kila kipande kinaumizwa sawa na ubovu huo, na hapa ndipo ujuzi wa msafiri unapoonekana. Muziki wa sauti ndefu zinazoshikiliwa hufichua kila kasoro. Gymnopédie ya kwanza ya Erik Satie, inayopendwa na wengi kwa upole wake, ni mateso kwenye piano iliyochuja, kwa sababu kila noti inakaa ikingoja kusikilizwa. Preludi ya Chopin katika E maina, yenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za mkono wa kushoto zinazorudiwarudiwa, nayo haina pa kujificha. Muziki wa noti zinazotembea, moja ikiifuata nyingine kabla sikio halijatulia juu yake, huvumilia zaidi. Ndiyo maana Preludi ya Bach katika C meja, ile inayofungua kitabu chake cha mwaka 1722, ni mwandani mzuri wa safari: ina vipimo 35 tu, mikono haikimbii mbali, na piano yenye umri wa bibi yako bado inaweza kuisema.

Kabla ya kukubali au kukataa, pitisha kidole kimoja polepole kutoka chini hadi juu. Utajua kibonyezo kipi kimekwama kwa unyevu, kipi ni bubu, na sehemu ipi ya piano ina afya. Kanyaga pedali ya kulia, iachie. Kama sauti inaendelea kuvuma baada ya kuiachia, utapiga bila pedali. Ni kazi ya dakika moja, na marafiki wataendelea na mazungumzo yao. Ukigundua kwamba oktava ya juu imeharibika, chagua kipande kisichofika huko. Ukigundua kwamba vibonyezo vingi vya katikati vimekufa, hapo kataa kwa upole na kwa haki.

Aliyeionja shida hii kuliko wengi ni Frédéric Chopin. Novemba 1838 alifika Palma, kisiwani Mallorca, pamoja na mwandishi George Sand na watoto wa Sand wawili. Piano aliyoiagiza kwa Pleyel, Paris, ilichelewa baharini, kisha ikazuiwa forodhani kwa mzozo wa ushuru. Hadi ilipomfikia Januari 1839, katika nyumba ya zamani ya watawa huko Valldemossa, alikuwa akifanya kazi kwa piano duni iliyopatikana palepale kisiwani. Wiki chache baadaye wakaondoka. Hata hivyo, Preludi zake 24, opasi 28, zilikamilika katika majira hayo. Hakuna anayezisikiliza leo na kusema zina dosari ya piano ya kukodi.

Dai: Mpigaji wa kweli hatazami nota

Si kweli. Desturi ya kupiga bila nota ni changa kuliko sehemu kubwa ya muziki wenyewe. Clara Wieck, ambaye baadaye aliolewa akawa Clara Schumann, alipopiga Berlin mwaka 1837 bila karatasi mbele yake, kuna walioona ni majivuno. Franz Liszt akaieneza desturi hiyo katika ziara zake za miaka ya 1840, na polepole jambo lililokuwa la kushangaza likageuka kuwa sheria. Sviatoslav Richter, mmoja wa wapigaji wakubwa wa karne ya 20, katika miaka yake ya mwisho alirudi kwenye nota: ukumbi gizani, taa ndogo juu ya karatasi, basi. Hakuna aliyemvua hadhi.

Weka karatasi nne zilizokunjwa ndani ya begi. Kazi za Bach, Chopin na Robert Schumann hazimilikiwi tena na mtu, na maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, iliyoanzishwa mwaka 2006, inazitoa bure. Simu ina kioo kidogo mno kwa nota za mikono miwili, na daima itajizima kwenye kipimo kigumu kuliko vyote.

Dai: Vidole havisahau

Kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoumbua watu. Kumbukumbu ya vidole imefungamana na piano uliyoizoea: kimo cha kiti, uzito wa vibonyezo, upande unakotoka mwanga. Safari hubadilisha vyote hivyo kwa pamoja. Unaanza vizuri, unafika katikati, na ghafla mkono wa kushoto haujui uendako.

Kinachookoa ni kukijua kipande kwa akili pia: kina sehemu ngapi, kila sehemu inafunguliwa na kodi gani, na ni wapi unaweza kuingilia ukipotea. Jizoeze kuanzia katikati, kisha kuanzia sehemu ya mwisho, hadi kila mlango wa kipande uwe unafunguka. Kisa cha Maria João Pires wa Ureno kimesimuliwa sana, na kinastahili. Katika ukumbi wa Concertgebouw, Amsterdam, mbele ya wasikilizaji, okestra chini ya Riccardo Chailly ilianza kipande cha Mozart katika D maina, naye alikuwa amejitayarisha kwa kipande kingine cha Mozart. Uso wake, unaoonekana kwenye filamu iliyopigwa siku hiyo, unaonyesha mtu aliyeshtuka kabisa. Chailly, akiendelea kuongoza, alimtia moyo. Zamu ya piano ilipofika, Pires aliingia na kupiga hadi mwisho. Muujiza ule ulikuwa na mizizi: alikuwa amekwisha kukipiga kipande hicho hadharani kabla ya hapo, na alikijua kwa akili, kwa sikio na kwa vidole, si kwa vidole peke yake.

Ukikosea mbele ya marafiki, endelea mbele. Kusimama, kuomba radhi na kuanza upya kunawaumiza wasikilizaji kuliko noti moja iliyoteleza, ambayo wengi wao hawakuisikia.

Dai: Sebuleni muziki huu unashushwa hadhi; mahali pake ni ukumbi wenye ukimya

Hili ndilo dai ninalolipinga kwa nguvu zote, kwa sababu linageuza historia juu chini. Chopin alipiga hadharani takribani mara 30 tu katika maisha yake yote. Aliishi kwa kufundisha, na muziki wake aliupiga zaidi majumbani, mbele ya watu aliowajua. Franz Schubert huko Vienna alizungukwa na marafiki, washairi, wachoraji na waimbaji, ambao katika miaka ya 1820 walikutana nyumbani kwa huyu na yule jioni, wakaimba, wakala, wakacheza dansi, naye akiwa kwenye piano. Nyimbo nyingi tunazozisikiliza leo kwa kushika pumzi zilisikika kwanza kati ya sahani na glasi. Anayempigia rafiki yake piano katika nyumba ya wageni haigi tamasha kubwa kwa udogo. Anafanya jambo lililokuwapo kabla kumbi kubwa hazijaupokea muziki huu.

Hata ule ukimya wa kati ya sehemu za kipande kimoja, ambao mgeni wa tamasha huogopa kuuvunja, ni desturi ya baadaye. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris kwamba watu walipiga makofi katikati ya sehemu ya kwanza ya simfonia yake mpya, naye alifurahi, kwa maana alipoiandika alijua pale ndipo patakapowapendeza. Tarehe 17 Machi 1830, Chopin alipopiga Warsaw kipande chake katika F maina kwa piano na okestra, baada ya sehemu ya kwanza kiliingizwa kipande cha mtunzi mwingine cha tarumbeta ya pembe, kisha ndipo Chopin akaendelea na chake. Johannes Brahms naye, alipopiga Leipzig mwaka 1859 kipande chake cha kwanza kwa piano na okestra, ukimya uliofuata sehemu ya kwanza ulimwambia wazi kwamba watu hawakupendezwa, na mwishoni walimzomea.

Watu wa mwambao hawahitaji kufundishwa hili. Katika taarabu msikilizaji anaposikia ubeti uliomgusa haungoji wimbo uishe. Huinuka, hutembea hadi jukwaani na kutunza, na mwimbaji huendelea kuimba. Mcheza kwao hutunzwa. Basi rafiki yako akiguna kwa furaha katikati ya Schumann, hajakosea. Mpe alichokifurahia, na usigeuke kumkodolea macho.

Ila nina sharti moja, nami silegezi: wasikilize. Kuwa na uhai chumbani ni kitu kimoja, kugeuzwa mvumo wa nyuma ya mazungumzo ni kingine. Waombe dakika tatu. Ukisema kwa sentensi mbili kipande ni cha nani na kilizaliwa katika hali gani, wengi watanyamaza bila kuambiwa. Habari ya piano iliyozuiwa forodhani Mallorca, kwa mfano, huwafungua masikio watu wote waliowahi kungoja mzigo bandarini.

Dai: Lazima upige kitu kirefu au kigumu ndipo wavutiwe

Si kweli. Preludi ya Chopin katika A meja ina vipimo 16, inaisha kabla ya dakika moja, na nimeona watu wazima wakiomba irudiwe mara tatu. Träumerei ya Robert Schumann, kutoka mkusanyo wa mwaka 1838 kuhusu utoto, ni ukurasa mmoja. Watu waliosafiri siku nzima wana masikio yaliyochoka; wape kitu ambacho wanaweza kukishika chote.

Tahadhari moja ni kuhusu kile kipande cha Beethoven ambacho kila mtu hukiomba, Für Elise. Kimeandikwa mwaka 1810, kikachapishwa mwaka 1867, miaka 40 baada ya kifo chake. Mwanzo wake unajulikana hata na watoto wasiowahi kugusa piano, kwa hiyo waliojifunza ule mwanzo tu ni wengi. Sehemu za katikati ni ngumu zaidi na ndizo zenye ujasiri wote. Ama ukijue chote, ama uchague kingine.

Dai: Marafiki wasiozoea muziki huu hawatauelewa

Si kweli, na sijui ni nani aliyetupandikizia hofu hii. Kwaya za Kenya na Tanzania zimeimba Haleluya ya Handel kwa miaka mingi, kwa sauti nne, mara nyingi zikisoma do-re-mi badala ya nota za mistari. Kitabu cha nyimbo cha Walutheri, Mwimbieni Bwana, kimejaa tuni za Kijerumani zilezile ambazo Bach alizijengea kazi zake. Nairobi kumekuwa na chuo cha muziki wa namna hii, Kenya Conservatoire of Music, tangu mwaka 1944. Mtu aliyekulia kwenye sauti ya nne ya kwaya ana sikio la mkono wa kushoto wa Bach zaidi kuliko anavyodhani. Jaribu kumpigia tuni ya Luther kwa upangaji wa Bach, kisha umwone anavyoanza kuimba sauti yake bila kuombwa.

Dai: Piano iliyo mahali pa watu ni ya watu wote

Kweli kwa stesheni, si kweli kwa hoteli. Mwaka 2008 msanii Luke Jerram aliweka piano 15 mitaani Birmingham ili mpita njia yeyote apige, na wazo hilo likasambaa miji mingi duniani. Katika stesheni ya St Pancras, London, kuna piano iliyotolewa na Elton John mwaka 2016. Hizo zinakungoja. Ya hoteli, ya mgahawa au ya kanisa ina mwenyewe; uliza kwanza, na uulize pia kuhusu saa. Kama ni usiku na piano ni ile ya kusimama, jaribu pedali ya katikati: katika nyingi hushusha kitambaa kizito kati ya nyundo na nyuzi, na majirani wakaendelea kulala.

Dai: Mikono baridi hupiga vibaya

Kweli kabisa. Shika kikombe cha chai ya moto kwa muda kabla ya kuketi.

Dai: Piano ni chombo cha Wazungu, hakituhusu

Si kweli, na anayetoka Afrika Mashariki anapaswa kulijua hili kabla hajaweka mkono juu ya piano kuukuu popote duniani. Ni Bartolomeo Cristofori aliyetengeneza piano za kwanza huko Florence, Italia, kwenye mwaka 1700. Hilo halina ubishi. Lakini katika karne ya 19, piano zilipoanza kuingia majumbani Marekani kwa wingi, vibonyezo vyeupe vilifunikwa kwa pembe za ndovu, na pembe zilizopendwa zaidi kwa kazi hiyo zilikuwa za kwetu, laini na rahisi kukatwa.

Zilitoka mbali bara, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zikapita Tabora, zikashuka hadi Bagamoyo mabegani mwa wapagazi. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira, na wengine walikuwa watumwa. Kutoka Bagamoyo zilivushwa Unguja, ambako Marekani ilikuwa na konseli wake tangu mwaka 1837. Meli zikazipeleka New England, na kando ya Mto Connecticut vikastawi vijiji viwili vilivyoishi kwa biashara hiyo: Deep River na Ivoryton. Viwanda vya Pratt, Read na vya Comstock, Cheney vilizipasua pembe kuwa vipande vyembamba, vikaanikwa ndani ya majumba ya vioo hadi jua lilipovipausha. Familia zilizoketi jioni kupiga Schubert huko Boston au Chicago zilikuwa zikigusa safari ya miguu ya miezi kadhaa kutoka Unyamwezi.

Ukikutana na piano ya zamani unaweza kutambua. Kibonyezo cha pembe kwa kawaida kimefunikwa kwa vipande viwili, kipana mbele na chembamba kinachopita kati ya vile vyeusi, na mahali vinapokutana pana mstari mwembamba kama unywele. Tazama kwa karibu utaona pia mistari ya asili ya pembe yenyewe. Plastiki ni kipande kimoja, kisicho na mstari. Mwaka 1989 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika, na wakati huo watengenezaji wengi walikuwa tayari wamekwisha kuhamia plastiki.

Siyasemi haya ili mtu aondoe mikono. Ndovu wale na wapagazi wale hawarudi kwa sisi kukaa kimya. Nayasema ili yasemwe kwa sauti, mbele ya marafiki, pale pale kwenye piano, na baada ya hapo kipande kipigwe vizuri kwa kadiri ya uwezo wote wa mpigaji.

Dai: Piano hupigwa na mtu mmoja, wengine ni wasikilizaji

Si kweli. Muziki wa mikono minne, watu wawili kwenye kiti kimoja, ulikuwa chakula cha kila siku cha nyumba za Ulaya kabla ya sahani za santuri. Mozart aliupiga na dada yake. Schubert aliandika mwingi sana wa namna hii, ukiwamo ule wa F maina wa mwaka 1828, mwaka aliofariki. Dansi za Kihungari za Brahms zilitoka kwanza, mwaka 1869, kwa mikono minne. Za okestra zilikuja nyuma. Watu wa miji isiyo na okestra walijifunza simfonia za Beethoven kwa njia hiyo, bega kwa bega, wakigombea pedali.

Na si lazima wote wawili wawe wamesoma. Anton Diabelli, mchapishaji na mwalimu wa Vienna, aliacha mkusanyo wa vipande 28, opasi 149, ambamo sehemu ya mwanafunzi imeandikwa kwa noti tano tu, kila mkono ukikaa mahali pamoja, na mwalimu akibeba yaliyobaki. Chukua kimoja cha polepole katika zile karatasi nne za begi lako. Rafiki ambaye hajawahi kugusa piano mwonyeshe noti zake tano, kidole kimoja kwa kila noti, mfanye arudie vipimo vinne vya kwanza mpaka vikae, kisha uingie na sehemu yako. Anza kwa mwendo wake yeye, na akitaka kurudia, rudieni.